Naomba ushauri: tanki la juu au kisima cha chini, tudundulize kwa ajili ya kipi?

Wakuu, habari za majukumu. Familia ya watu sita, Dar, maji ya mgao. Matumizi ni lita 240 kwa siku, hivyo tanki la plastiki la lita 5,000 linatosha siku 20.

Hofu yangu ni mnara. Maji peke yake ni tani 5. Fundi anataka nondo za milimita 10 kwenye nguzo. Mimi naona 12, na slabu pana kuliko kitako cha tanki, maana kitako kikining'inia pembeni plastiki hupasuka hapo hapo. Tena mita 3 za mnara zinatoa presha ya baa 0.3 tu, hita ya bafuni huenda isiwake.

Kisima cha zege cha lita 20,000 kingekinga mvua: bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, unapata karibu lita 5,000. Ila umeme ukikatika pampu imelala, na shimo la choo liko mita 8 tu kutoka hapo.

Mliojenga vyote, kipi kianze? Na plasta ya ndani mlichanganya ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja wa sementi?