Masasisho ya usalama yanapojiweka yenyewe, mtumiaji aarifiwe vipi?

Mwenye mada: Wiki hii ninatakiwa kuamua utaratibu wa kompyuta za ofisi, ambazo tayari hupokea masasisho ya usalama zenyewe. Je, tumtumie mtumiaji ujumbe wa kumwomba afunge programu na kuifungua tena, au tuzime na kuwasha kompyuta zote usiku?

Bawabu: Hujasema ni mfumo upi, wala kama watu huacha kazi zao wazi wanapoondoka. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwenye mada: Ni Ubuntu (aina ya Linux), yenye unattended-upgrades, programu inayoweka masasisho yenyewe. Wengi huacha kazi wazi.

Nanga: Basi weka needrestart, zana inayokagua ni programu zipi zinahitaji kuanzishwa upya baada ya sasisho. Sasisho hubadilisha faili zilizo kwenye diski, lakini programu iliyokwisha kufunguliwa huendelea kutumia toleo la zamani la maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) lililomo kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana, tundu la usalama liitwalo Heartbleed lilipogunduliwa mwaka 2014 katika OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kuweka kiraka hakukutosha mpaka huduma zenyewe zianzishwe upya. Faili ya /var/run/reboot-required husema tu kwamba mashine nzima iwashwe upya, ilhali needrestart huitaja programu husika na inaweza kumwarifu mtumiaji kwenye skrini yake.

Mtunza_seva: Kuzima na kuwasha usiku usijaribu. Mahali nilipofanya kazi zamani, mhasibu alikuta asubuhi jedwali lake halipo, kwa kuwa alikuwa hajalihifadhi. Hakulalamika kwa mtu yeyote. Jioni ile alichomoa waya wa mtandao kabla ya kuondoka, wenzake wakamwiga, na kwa muda mrefu mashine hizo hazikupata sasisho lolote huku ripoti zetu zikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Bawabu: Livepatch, huduma ya Ubuntu ya kuweka viraka bila kuwasha mashine upya, ingewaepusha na hayo yote.

Nanga: Isingewaepusha. Livepatch hutibu keneli, yaani kiini cha mfumo, peke yake. Kivinjari na maktaba zake haivigusi.

Kipepeo: Kivinjari kilichowekwa kwa snap, mojawapo ya njia mbili za kuweka programu kwenye Ubuntu pamoja na apt, husubiri kifungwe ndipo kisasishwe, na ujumbe huonyesha siku zilizobaki kati ya 14. Napendelea hivyo kuliko Firefox ya apt, ambayo ikisasishwa ikiwa wazi huweza kukataa kichupo kipya mpaka uianzishe upya.

Mtunza_seva: Siku 14 ni nyingi mno kwa tundu linaloshambuliwa tayari. Mimi nasifu huko kukataa.

Mwenye mada: Je, ujumbe uwe na kitufe cha kuahirisha?

Kipepeo: Uwe nacho, ila kiruhusu mara chache tu.

Nanga: Mara ngapi? Hapo ndipo mtakapogombana na wakuu wa idara.