Picha za tangazo la nyumba: nizisafishe mwenyewe, nimpe mhariri, au programu ya kupanga samani?

Mjengo_Tupu
Wakuu, nina nyumba ya kutangaza wiki ijayo. Picha nimeshapiga, ila zimepooza. Nachagua kati ya kuzisafisha mwenyewe, kumpa mhariri wa picha, au programu ya akili mnemba inayojaza samani vyumbani. Ipi inavuta wateja bila kuniletea kesi?

LenziPana
Bado hujasema kitu mkuu. Unauza au unapangisha? Nyumba ni yako au wewe ni dalali? Na hizo picha zina giza tu, au kuna kitu hutaki kionekane?

Dalali_Mstaafu
Mpe mhariri. Anayejua kazi anachukua picha tatu hadi tano za pembe moja zilizopigwa kwa mwanga tofauti, anaziunganisha, chumba kinaonekana na nje ya dirisha panaonekana. Kuta anazinyoosha zisimame wima. Hapo hujamdanganya mtu, hata ukisimama mle ndani utaona hivyo hivyo. Hizo programu sitaki hata kuzisikia.

Kipimo_Kamili
Mzee Dalali, hata mhariri ni wa kuchungwa. Niliwahi kupanga nyumba kwa picha kwa sababu nilikuwa mbali. Dari jeupe pee, ukuta wa jikoni laini. Nikalipa kodi na amana. Kufika, dari lina doa la maji kubwa kama meza na kona imeota ukungu. Dalali anasema alipokea picha zikiwa tayari. Mwenye nyumba anasema aliagiza "zing'arishwe" tu. Mhariri naye, bila wasiwasi wowote, anasema alidhani doa ni uchafu wa lenzi. Watu watatu na hakuna mwongo! Kilichoniokoa ni kwamba nilihifadhi tangazo zima kabla halijafutwa. Nilipoweka picha zao kando ya zangu, amana ikarudi. Kodi ya mwezi wa kwanza sikuiona tena. Kwa hiyo mwandikie mhariri asichoruhusiwa kugusa, na faili za awali usizifute.

Mjengo_Tupu
Nauza. Nyumba ni ya mama, mimi nasimamia. Haina samani. Kuna nguzo ya umeme mbele ya geti, nilitaka itolewe. Na nyasi zimekauka kidogo.

LenziPana
Ahaa, kumbe! Nguzo haitoki. Ndoo ya taka au gari la jirani, sawa, hivyo vitaondoka kweli. California wana sheria tangu 1 Januari 2026: dalali akitumia picha iliyobadilishwa kidijitali lazima aseme, na aonyeshe pa kuipata ya awali. Mwanga, rangi, kunyoosha na kukata kingo havihesabiwi, mradi sura ya nyumba isibadilike. Nguzo za umeme zimetajwa waziwazi, samani pia, hata kinachoonekana dirishani. Angalia na sheria ya kwenu.

Kona_ya_Samani
Mnaionea programu bure. Chumba kitupu mtu hajui kama kitanda kitaenea. Weka picha mbili, kitupu na kilichopangwa, chini andika "samani zimewekwa kwa kompyuta". Ila kagua kila picha: programu hupenda kuchora sofa dogo kuliko sofa lolote duniani, na wakati mwingine inabadilisha sakafu au kuziba soketi.

Kipimo_Kamili
Na lenzi pana ya milimita 14 (namba ikishuka, lenzi inazidi kuwa pana) inayogeuza choo kuwa ukumbi? Hiyo hakuna aliyegusa kompyuta, lakini ni uongo mtupu.

LenziPana
Nilijua utanifikia. Mimi sishuki chini ya 16. Bila lenzi pana utaonyesha kona moja na feni.

Dalali_Mstaafu
Andikeni vipimo vya vyumba kwenye tangazo, ugomvi uishe. Na anga mnabadilisha?

Kona_ya_Samani
Anga ni hali ya hewa tu mzee, kesho inabadilika.

Kipimo_Kamili
Niliona tangazo lenye machweo nyuma ya nyumba, upande ambao jua halizami. Mtu ananunua akitegemea baraza la jioni!

Mjengo_Tupu
Haya, nguzo inabaki. Nyasi nitamwagilia kwanza. Ila hizo picha tatu za mwanga tofauti, nimepiga kwa simu, inawezekana?

LenziPana
Kumbe simu! Simu gani? Stendi unayo?

Kona_ya_Samani
Na mama ameshakubali kuuza?