Risasi za baruti nyeusi alizoacha baba mkwe, zimekaa tangu 1998: zinapigika?

Mpare wa Montana
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Montana, Marekani, nimeoa huku. Baba mkwe alifariki mwaka jana, mke wangu karithi bunduki yake: nakala ya Springfield Trapdoor ya 1873, ile ya kupiga risasi moja moja, inatumia risasi za .45-70. Imekuja na maboksi mawili ya risasi ambazo mzee alijaza mwenyewe kwa mkono. Kwenye lebo kaandika kwa kalamu: baruti nyeusi FFg (ukubwa wa punje), greni 65 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kichwa cha risasi greni 405, mwaka 1998. Zimekaa chumba cha chini ya nyumba muda wote huo. Maganda mengine yana ukijani, na vichwa vimeota unga mweupe. Shemeji zangu wanataka twende uwanja wa shabaha tuzipige kumuenzi mzee. Mke wangu hataki hata kusikia. Naombeni ushauri, baruti ya umri huo si imeshaharibika?

kibuyu77
Piga tu mkuu. Baruti nyeusi haiozi. Wazee wetu walikuwa na magobore, baruti kwenye pembe ya ng'ombe miaka na miaka, na wanyama walianguka.

Fundi Gobore
Kibuyu, nusu ya maneno yako ni kweli, ile nusu nyingine ndiyo inayopeleka watu hospitali.

Kweli yenyewe: baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, kwa kawaida 75, 15 na 10 kwa mia. Ikiwa kavu, vitu hivyo vinakaa pamoja bila kusumbuana mpaka moto uje. Baruti isiyo na moshi ni tofauti, maana hiyo ni nitroselulosi, nayo huchakaa yenyewe taratibu na kutoa asidi. Kwa hiyo Mpare, umri peke yake usikutishe.

Mimi ninachoogopa ni lebo. Lebo inakwambia mzee alikusudia kuweka nini siku alipoandika boksi. Haikwambii kilichomo kwenye kila ganda. Maboksi hutumika tena na tena, na ganda la .45-70 ni kubwa kwa sababu lilibuniwa kubeba greni 70 za baruti nyeusi, kama gramu 4.5. Mtu akilijaza kwa kipimo hicho hicho baruti ya kasi isiyo na moshi, bunduki inapasuka usoni mwako. Risasi za mtu ambaye huwezi tena kumuuliza hazipigwi kabla hujafungua baadhi yake, kutoka KILA boksi.

kibuyu77
Sasa si utazimaliza kwa kuzifungua?

Fundi Gobore
Zikiisha ziishe. Risasi na baruti zinauzwa Montana, macho hayauzwi.

Mpare wa Montana
Nazifunguaje bila kujilipua?

Fundi Gobore
Tumia ile nyundo ya kuchomolea vichwa vya risasi, wanayo watu wote wanaojaza wenyewe. Koleo za kubana hazifai sana hapa, vichwa vya madini laini ya risasi vina mifereji ya grisi na koleo linateleza. Fanya mbali na moto, jiko na sigara, vaa miwani.

Ukishatoa kichwa, angalia kwa mpangilio. Chini ya kichwa kuna kipande cha karatasi ngumu cha kuzuia mafuta? Mafuta ya vichwa vya namna hii mara nyingi ni nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe, na joto la kiangazi likiyayeyusha yanaingia kwenye baruti. Hapo ndipo risasi za zamani zinapofia: zinawaka nusu nusu, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, na mpigaji anaweka nyingine nyuma yake. Baruti ikiwa imeshikana kama tofali usishangae, ilishindiliwa makusudi, maana baruti nyeusi haitakiwi kuachiwa nafasi ya hewa ndani ya ganda. Ichokonoe kwa kijiti cha mti. Usitie chuma wala drili.

Dada Zai
Naongeza kuhusu ule unga mweupe, hakuna aliyeugusa. Hiyo ni risasi (madini) iliyoshika hewa, na ni sumu. Usiipulize wala kuipiga msasa. Vaa glavu, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, tupa kitambaa, nawa mikono kabla hujashika watoto. Ukijani mwepesi kwenye ganda unafutika. Ganda lenye ufa shingoni au vishimo, weka pembeni.

Mzee wa Tanga
Mmenikumbusha Manza. Aprili 1915, Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojificha kwa jina la Kronborg, ilishambuliwa na HMS Hyacinth, manowari ya Waingereza, ikaishia kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wetu. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na Wajerumani walilazimika kuzifungua na kuzikausha ndipo zitumike. Hizo hazikuwa za baruti nyeusi. Za baruti nyeusi walikuwa nazo askari wa Wajerumani, kwa bunduki za mtindo wa 1871, na moshi wake ulimwonyesha adui walipolala. Watu waliokuwa na njaa ya risasi kiasi kile, bado walizifungua kwanza.

Mpare wa Montana
Shukrani wote. Nimefungua. Boksi la kwanza karatasi ipo, baruti nyeusi kavu tupu. Boksi la pili lina kitu: chini kabisa, jirani na fataki (kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda), kuna tabaka dogo la punje za kijivu za duara, juu yake ndiyo baruti nyeusi. Lebo zote mbili zinafanana!

Fundi Gobore
Hiyo ni mchanganyiko wa makusudi. Wapigaji wengine wa huko huweka kiasi kidogo cha baruti isiyo na moshi chini ili mtutu usijae masizi. Hujui aina yake wala kipimo, na hiyo ndiyo inayochakaa. Boksi la pili lisipigwe hata moja. Ongea na wasimamizi wa uwanja wako wa shabaha jinsi ya kuziteketeza.

La kwanza lipige, pole pole. Ukisikia "tik" bila mlio, usifungue. Elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri dakika nzima. Mlio ukiwa dhaifu, simama, fungua, pitisha ufito kwenye mtutu kabla ya risasi nyingine. Jioni ile ile osha mtutu na maganda kwa maji moto na sabuni, kausha, paka mafuta, la sivyo utakuta kutu.

Mpare wa Montana
Shemeji zangu wamenuna kuhusu boksi la pili. Mke wangu kalifungia kabatini, na ufunguo anao yeye.