Mjadala: Fedha za barabara ziende kwenye shimo au kwenye ufa?

Mtoa mada (Tabora)

Ndugu zangu wa Tabora na Kigoma, salaam. Kila msimu wa bajeti tunasikia neno lilelile: waanze na barabara iliyoharibika zaidi. Mimi napinga, na naomba nipingwe kwa hoja.

Niliwahi kuwa kibarua kwenye timu ya kukagua lami. Kazi yangu ilikuwa futi, chaki na daftari. Siku moja baada ya mvua ya Februari tulisimama kando ya kipande ambacho ukikitazama ni kizima, cheusi, kimenyooka. Nyufa zake nyembamba, hata ukucha hauingii. Likapita lori la tumbaku, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaruka kutoka kwenye zile nyufa. Ule ulikuwa msingi wa barabara unatoka kidogo kidogo. Hakuna aliyelalamikia kipande kile, kwa sababu gari lilikuwa linateleza tu. Masika yaliyofuata kilikuwa mashimo matupu.

Hapo ndipo hesabu ya uwezekano inaposaidia. Unaigawa barabara vipande, unavipa madaraja: kizuri, cha wastani, kibovu. Kila mwaka unavikagua, unahesabu vingapi vimeshuka na kuviandika kwenye jedwali. Tuchukue mfano tu: kila mwaka vizuri 20 kati ya 100 vinakuwa vya wastani, na vya wastani 30 kati ya 100 vinakuwa vibovu. Ukianza na vipande 100 vya lami mpya na usiviguse, baada ya miaka 2 una vibovu 6, baada ya miaka 3 una 15. Hujui ni kipi kitaanguka, lakini unajua ni vingapi vya kutengea fedha. Msingi wake ni hesabu iitwayo minyororo ya Markov, ya mwanahisabati Mrusi Andrey Markov, ya mwaka 1906. Jimbo la Arizona, Marekani, lilianza kupangia barabara zake kwa njia hiyo mwaka 1980, likaokoa dola milioni 14 mwaka wa kwanza.

Kuziba nyufa mapema ni nafuu mno kuliko kufumua msingi. Kwa hiyo nasema fedha zianzie kwenye vipande vya wastani.

Mchangiaji (Kasulu vijijini)

Kaka, hesabu nimeielewa. Ila sisi hatuna cha kushuka, tuko daraja la mwisho tangu nizaliwe. Kwa mpango wako, kila mwaka fedha zitalinda lami ya waliokwisha kupata, na sisi tutaambiwa gharama yetu ni kubwa. Masika yaliyopita kalvati lilizolewa, tukambeba mjamzito mwenye uchungu kwa machela hadi barabara kuu. Jedwali lako linamwandika wapi?

Halafu Arizona ni jangwa. Huku mvua zinaanza Novemba hadi kwenye Aprili, Mei. Namba zao zitatupotosha.

Dereva wa lori (njia ya Kigoma–Nyakanazi)

Hesabu hiyo haina kumbukumbu. Inatazama kipande kilivyo leo, haiulizi kimefikaje hapo. Kilichochakaa polepole kwa miaka 10 na kilichowekwa viraka mwaka jana vyote vitaandikwa "wastani", wakati kiraka kinang'oka wiki ya pili ya mvua.

Na mzigo je? Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja ya matairi manne. Ukipakia 12, umezidisha kwa asilimia 20 tu, lakini lami inaumia kama mara 2. Hilo lilionekana kwenye majaribio ya barabara ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960. Malori yakikwepa mizani, jedwali lako limeharibika.

Mtoa mada

Dereva, umesema kweli. Ndiyo sababu jedwali lisiwe moja: vipande vyenye viraka viwe na lake, njia ya malori lake, na namba zitoke kwenye mvua zetu, kwa ukaguzi wa kila mwaka bila kuruka. Arizona niliileta kwa ajili ya njia ya kuhesabu, si tarakimu zake.

Dada wa Kasulu, hapo narudi nyuma. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa barabara, TANROADS, za wilaya na vijiji ziko kwa wakala mwingine, TARURA, tangu 2017, kwa hiyo lami ya barabara kuu haipaswi kugusa fungu lenu. Lakini hata ndani ya TARURA hoja yako inabaki palepale. Nakubali makalvati na vivuko vitengewe fedha kwanza, kabla jedwali halijafunguliwa.

Mchangiaji (Kasulu vijijini)

Asante kaka. Basi fungu hilo liandikwe kwa shilingi, na majedwali yabandikwe ofisi ya kata, tuone barabara yetu imepewa daraja gani na nani alikuja kuikagua. Maana huku bado sijaona mtu mwenye chaki.