Michoro mibichi ya rangi za mafuta naibebaje safarini?

mkobani:
Habari zenu wachoraji. Nina miaka minne nachora mandhari kwa rangi za mafuta, lakini dirishani kwangu, meza ipo, haraka hakuna. Majuzi nikajipa moyo nikasafiri na boksi la rangi kwa siku 9. Nimerudi na vibao sita, vizima viwili. Vingine nilivifunga kwa gazeti (msinicheke), na nilipobandua ule wa ziwa nikakuta habari za michezo zimejichapa juu ya maji, kinyumenyume.

Kosa la pili ni la jua. Nilianza asubuhi vivuli vikilalia kushoto, mchana navyo nikaviweka vilivyokuwa. Mlima wangu sasa una majua mawili.

Natoka tena hivi karibuni, safari hii kwa ndege. Vibao mnavibebaje kabla havijakauka? Tapentaini ya kuyeyushia rangi inapita uwanja wa ndege? Na mwanga mnaufukuziaje?

kibao_kidogo:
Pole kwa ziwa. Mimi nilishapoteza machweo matatu kwa mkupuo, kwa hiyo nakuelewa.

Kwanza punguza ukubwa. Sentimita 15 kwa 20 zinatosha kabisa, na ukiwa umechoka utashukuru. Kisha chukua kizibo cha chupa, kile cha gome laini, ukikate vipande vyembamba kama sarafu nene. Weka kimoja kila pembe ya kibao, lalisha kibao kingine juu yake, nyuso zilizochorwa zikitazamana, halafu kaza kwa mipira miwili. Zitabaki alama nne ndogo pembeni ambazo fremu itazificha. Rangi uliyoirundika kwa kisu iwe fupi kuliko kizibo, vinginevyo umefanya kazi bure.

Usifunge kwa nailoni ukidhani unailinda. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hayakauki kama maji kwa kupaa hewani. Yanavuta oksijeni ndipo yanagandamana. Ukiyanyima hewa yanabaki mabichi.

Tena rangi hazilingani. Amba, ile kahawia ya udongo, hukauka mapema kwa sababu ina manganizi. Nyeupe ya titani na zile za kadimiamu ni wavivu wa kutupwa, na nyeupe ndiyo tunayoimwaga kila mahali, angani na majini. Mimi nyeupe yangu ya safarini ni ya alkidi, aina ya resini inayokauka haraka. Ukiipaka nyembamba, kwa kawaida kesho yake unaigusa na haikushiki kidole. Hiyo moja tu imeniokoa kuliko vifaa vyote nilivyowahi kununua.

matambara:
Tapentaini iache. Ni kimiminika kinachoshika moto kirahisi, hakiruhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala kwenye begi la chini. Tyubu za rangi ni suala jingine: ndani ni unga wa rangi na mafuta ya mimea. Chapisha karatasi ya usalama ya mtengenezaji uiweke pamoja na tyubu kwenye begi la chini. Ukiulizwa, usijibu "rangi" ukanyamaza, maana watafikiria za kupaka ukuta. Sema ni rangi za wasanii, za mafuta ya mimea.

Brashi utazifuta kwa kitambaa, uzichovye kwenye mafuta ya alizeti, ufute tena. Ukifika kwenye sabuni, ndipo uzioshe. Lakini yasibaki kwenye brashi unayochorea, maana alizeti hukauka polepole mno.

Sasa sikiliza hili kuliko yote niliyoandika hapo juu. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayasokomeza mfukoni au kwenye pipa la chumba cha wageni. Yakikauka hutoa joto, na yakiwa yamefumbatana joto halina pa kutokea. Yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja, au yaloweke maji kwenye kopo lenye kifuniko.

kivuli_kwanza:
Kuhusu jua: una saa mbili, usijidanganye. Weka vivuli vyote katika dakika 20 za mwanzo, kisha usivifuate tena hata vikikuita. Mwanga ukigeuka, toa kibao kingine. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, kwenye michoro yake ya marundo ya ngano ya 1890 na 1891, alikuwa na turubai kadhaa kwa pamoja, akibadilisha kila mwanga ulipobadilika. Hakulazimisha turubai moja ibebe siku nzima.

Na kibao kikae kivulini. Kikipigwa na jua, macho yako yanaona kila kitu kimeng'aa, unakoleza, ukifika ndani mchoro umekuwa giza kama umechorwa usiku.

Wadudu je? Waache. Kwenye mchoro wa mizeituni wa Van Gogh wa 1889, ulioko jumba la makumbusho la Kansas City, Marekani, mwaka 2017 watu wa jumba hilo walitangaza wamekuta panzi amegandia kwenye rangi.

mkobani:
Asanteni sana. Nimejaribu vizibo jana: vibao viwili mgongoni kutwa nzima, kupanda na kushuka. Alama nne nne pembeni, basi. Ila kimoja nilisahau kukaza mpira, kizibo kikateleza hadi katikati ya wingu. Nimeligeuza kuwa ndege.

Ziwa sijaligusa. Ukiliweka mbele ya kioo, matokeo ya mechi bado yanasomeka.