Mjadala: Sheria ya miaka 18 inatosha kuzuia ndoa za utotoni?

Mwanzisha mada:
Wadau, UNICEF wanakadiria kwamba wasichana milioni 12 huozeshwa kila mwaka kabla ya kutimiza miaka 18. Dunia imejipangia kumaliza hilo ifikapo 2030, lakini mwaka 2023 shirika hilohilo lilisema kwa mwendo tulionao itachukua miaka 300 hivi. Mia tatu!

Mimi naona tumeng'ang'ania sheria mno. Chukueni India. Umri wa msichana kuolewa kisheria ni 18 tangu 1978. Bado 2005-06 karibu nusu ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 (asilimia 47) walikuwa wameolewa kabla ya umri huo. Kufikia 2019-21 ikawa asilimia 23. Umri wa kisheria haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wasichana wengi zaidi walibaki shuleni. Baba mwenye deni, na posa imeshaletwa, hafungui kitabu cha sheria.

Jibu la 1:
Mkuu, hapo nakupinga. Binti akitoroka usiku amkimbilie nani, kama sheria yenyewe inasema mzazi akiridhia ni ruksa? Bangladesh walipitisha sheria mpya 2017 wakaacha upenyo wa "mazingira maalumu". Na msidhani ni habari ya nchi maskini tu: Marekani, jimbo la kwanza kufunga upenyo wote, Delaware, limefanya hivyo 2018 juzi tu. Sheria haimzuii kila baba, sawa. Ila inampa binti, na shangazi anayemtetea, kitu cha kushika mkononi.

Jibu la 2:
Nimefundisha miaka mingi, niseme nilichokiona. Kwanza binti anaacha kudai daftari jipya. Anakosa siku moja, kisha tatu. Wenzake ukiwauliza wanatazama chini. Siku unayosikia ngoma za harusi, mahari ilishapokelewa zamani na hiyo sheria yenu haijafika. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada: dawati kwanza.

Jibu la 3:
Mleta mada katutajia baba mwenye deni; tukubaliane basi dawa ni pesa? Taratibu. Jimbo la Haryana, India, mwaka 1994 walianza kumwekea mtoto wa kike hati ya akiba, alipwe akifika 18 hajaolewa. Watafiti walipofuatilia wakakuta haikuchelewesha ndoa kama ilivyotarajiwa, na familia nyingi zilizitumia fedha hizo kwa harusi! Serikali ikawa imechangia sherehe.

Zomba, Malawi, mambo yalikuwa mengine. Kundi moja la wasichana lilipewa pesa kwa sharti la kuhudhuria shule, jingine bila sharti. La sharti lilifanya vizuri zaidi masomoni. Lakini ndoa na mimba zilipungua zaidi kwa waliopewa bila sharti, hasa wale walioacha shule. Ukimnyima pesa kwa sababu ameacha shule, unamnyima wakati anaposhawishiwa zaidi kuolewa.

Mwanzisha mada:
Hiyo ya Zomba imenikamata, nakiri. Na Jibu la 1, sheria isiyo na upenyo sikatai, nakataa kuishia hapo. Ila naona wote, mimi nikiwamo, tunamzungumzia ambaye hajaolewa. Waliokwisha kuozeshwa utotoni, walio hai leo, ni takriban milioni 640. Aliyeolewa na miaka 15, sasa ana 17 na mtoto mgongoni, yeye tunamwambiaje? Mwalimu, ungempokea darasani?

Jibu la 2:
Mimi ningempokea. Mtoto ndiye sijui angeachwa na nani.