Hela za miradi ya maji vijijini: mnalipia mita za bomba, hamlipii maji

Wakuu, kabla hamjaanza ule wimbo wa "wananchi wanahujumu miundombinu", tupige kwanza hesabu ya presha.

Huku milimani, iwe Kibosho na Uru kule Kilimanjaro au mitelemko ya Meru, maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kutoka chanzo cha juu, hayadai umeme wala dizeli. Adui ni mtelemko wenyewe. Kila mita 10 za kushuka ni baa 1 ya presha. Chanzo kikiwa mita 220 juu ya kituo cha mwisho, bomba la chini linabeba baa 22. Bomba la daraja la PN 10 mwisho wake baa 10, na hata PN 16, la baa 16, haifiki. Dawa inajulikana na kila fundi: matangi mawili madogo ya kupunguza presha njiani, kila kipande kibaki na mita 73 hivi za kushuka, PN 10 ikatosha juu hadi chini. Ni zege, boya na mfuniko, basi.

Sasa fedha zikija nusu, kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama zake, kinafutwa nini? Hayo matangi. Zinafuata valvu za hewa za vileleni na za kusafishia mabondeni. Mita za bomba haziguswi, maana mita ndizo zinazopimwa kwenye hati ya malipo na ndizo zinazosomwa Mwenge ukija kuzindua. Kilomita 14 zimelazwa, makofi! Wiki ya pili bomba limepasuka.

Na linapasuka usiku. Mchana maji yanatembea, msuguano unakula sehemu ya presha. Watu wakishafunga koki maji yanasimama, uzito wote unalalia chini. Asubuhi utakuta mpasuko wa kufuata urefu wa bomba, umetanuka kama mdomo wa samaki. Panga hukata kwa kukingama. Anayesema ni hujuma akaangalie kipande chenyewe kwanza.

Mtaro nao. Wananchi wanachimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kina kinatakiwa mita 1, lakini mwenye futi haonekani kabla ya kufukia. Wakikuta mwamba wanaishia sentimita 40, bomba linalazwa juu ya mawe bila udongo laini chini yake. Msimu wa kupalilia mahindi, jembe linamalizia.

Baada ya hapo mradi "unakabidhiwa kwa jamii". Haya, sera ya maji ya 2002 ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250. Kijiji cha watu 3,000 ni lita 75,000 na vituo 12, yaani ndoo 3,750 za lita 20. Tuseme ndoo sh 20: sh 75,000 kwa siku, kama kila ndoo imefika na imelipiwa. Humo atoke mlinzi wa chanzo, fundi, wauza maji, klorini, ada ya kibali cha kutumia maji ya bonde na spea. Bomba la milimita 90 likipasuka mara mbili kwa wiki, maji hayauzwi na kapling za kuungia bomba zinanunuliwa. CBWSO gani, yaani chombo cha jamii cha kuendesha maji, itahimili? Watu wanarudi kwenye mfongo, mfereji wa asili.

Arumeru ongeza floridi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya Ngarenanyuki yanajulikana kwa floridi nyingi. Unafungwa mtambo wa mkaa wa mifupa, mkaa ukishiba unapitisha floridi kama ilivyo, na fungu la kuubadilisha halimo popote.

Hela tunachangia. Shilingi 50 kwenye kila lita ya petroli na dizeli inakwenda Mfuko wa Taifa wa Maji, hata bodaboda anayejaza Himo analipa. Kwa hiyo msituambie tushukuru.

Tunachodai hakigharimu: kabla hati ya mwisho haijasainiwa, funga geji ya presha kituo cha chini kabisa, funga koki zote usiku kucha, isomwe alfajiri mbele ya kamati ya maji. Ikivuka uwezo wa bomba, mkandarasi asilipwe, na aliyefuta matangi kwenye BOQ aandike jina lake pale pale.